Asubuhi wlan0 ilipoacha kuisikia Beni

Alhamisi, jioni. Bulengera.

Ukungu umeshuka mapema kuliko jana. Kuanzia saa kumi umefunika mabati ya majirani, na sasa kutoka dirishani kwangu siuoni hata mti wa avoka ulio hatua chache tu. Nimejaribu kula, nimeshindwa. Nimejaribu kusali rozari, nimefika fumbo la pili nikasahau nilikuwa wapi.

Leo nimefanya kosa. Nataka kuliandika kabla akili yangu haijaanza kulitafutia visingizio.

Hapana, hata hapo nimeanza kudanganya. Kosa sikulifanya leo. Nililifanya miezi minne iliyopita, mchana kweupe, nikiwa nacheka. Leo limejitokeza tu.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Kahindo. Nilisoma informatique, elimu ya kompyuta, hapa Butembo, na kazi yangu ni kuhudumia kompyuta moja ndogo katika parkingi ya malori hapa Bulengera. Kompyuta yenyewe ni kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa Biblia ya Mama, kinatumia Linux, kinakula umeme wa paneli za jua. Kazi yake ni moja: kupokea habari za barabara kutoka Beni. Kule, katika parkingi ya wenzetu, Zaina huandika kila asubuhi kama njia ni salama au la. Ujumbe wake unaruka kutoka kilima hadi kilima, kwenye vifaa vyetu wenyewe, mpaka unaingia hapa. Madereva wanaufungua kwenye simu zao kabla ya kuwasha injini.

Tulijenga kiungo hiki kwa sababu mitandao ya simu hukatika, na huwa inakatika siku zile zile ambazo mtu anahitaji kusikia sauti ya mwenzake. Jana mchana ilikatika yote. Leo jioni bado.

Kisanduku kina kadi mbili za Wi-Fi, zote za USB. Ya kwanza imeunganishwa na sahani iliyo juu ya paa, inayotazama mlima. Hiyo ndiyo inayosikia Beni. Ya pili ina fimbo fupi tu ya dirishani, na kazi yake ni kuwagawia madereva mtandao wa parkingi ili wasome ukurasa.

Nilipozichomeka mara ya kwanza, mfumo ulizipa majina marefu: wlx, halafu herufi na tarakimu kumi na mbili. Majina hayo si ya kubahatisha. Yanatoka kwenye anwani ambayo kiwanda kimeichapa ndani ya kila kadi. Uihamishe kadi tundu lolote, uizime na kuiwasha mara mia, itaitwa vilevile. Kadi zilizo ndani ya mashine hupata majina mengine, kama wlp3s0, kufuata mahali zilipokaa. Yote haya nayajua. Niliyasoma, nikayafanyia mtihani, nikapata alama nzuri.

Siku ile Papa Issa alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Papa Issa ndiye mkubwa wa parkingi, Mwislamu wa Beni mwenye malori matatu, baba yake Zaina. Aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Ile njo jina?" akauliza. "Ao ni numero ya châssis?"

Madereva wakacheka. Kaka yangu Kambale alikuwa mlangoni, naye akacheka kuliko wote. "Kahindo, batu ba hapa basome ile wakati gani? Uwape majina ya batu."

Nami nikawapa majina ya watu.

Kwetu Wanande jina linaonyesha zamu ya mtu kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Mimi ni Kahindo kwa sababu nilikuja msichana baada ya wavulana wawili. Ukinitajia jina lako najua mahali pako katika nyumba ya baba yako, na mahali hapo hapahami. Kambale hawezi kuamka asubuhi akawa Paluku eti kwa sababu ametangulia kutoka kitandani.

Nilirudisha majina mafupi ambayo Linux iliyatumia zamani. Ni neno dogo tu unaliongeza kwenye mstari wa kuwashia mashine, net.ifnames=0, na yale majina marefu yanatoweka. Kadi zikawa wlan0 na wlan1. Nikakata karatasi mbili za gundi. Kwenye waya wa sahani nikaandika PALUKU – wlan0. Kwenye fimbo ya dirishani nikaandika KAMBALE – wlan1. Kila mtu akaelewa papo hapo. Hata mlinzi, ambaye hasomi sana, alikuwa akiniambia "Paluku iko na taa, Kambale iko na taa," na alikuwa sahihi.

Niliona fahari. Niliona kwamba nimeifundisha Linux kuishi kwetu.

Lakini kernel, kiini cha Linux, haina baba wala nyumba. Inapowaka inaita vifaa vyote kwa pamoja, na kadi ya Wi-Fi inayomaliza kujitambulisha kwanza inaitwa wlan0. Inayofuata ni wlan1. Basi. Kwa miezi minne kadi ya sahani ilitangulia kila mara, nami nikachukulia mazoea kuwa sheria.

Jana jioni mvua ilikuwa nzito na betri ya paneli ikaisha. Leo alfajiri, betri ilipoonyesha tena umeme kidogo, mlinzi aliwasha mashine kama nilivyomfundisha. Safari hii kadi ya dirishani ilitangulia.

Nilifika saa kumi na mbili na robo. Parkingi ilikuwa matope matupu. Lori la Kambale lilikuwa limekwisha kupakiwa viazi vya Vuhovi, turubai limefungwa, na yeye anazunguka akipiga magurudumu kwa nyundo. Nilimsalimu Papa Issa, "Wavukire, Papa," naye akaniitikia kwa Kinande chake cha Beni kinachonichekesha siku zote. Kisha nikaketi mbele ya kioo na kufanya ukaguzi wangu wa kila asubuhi.

Ukaguzi wangu. Niuandike ulivyo, bila kuuremba. Ni programu fupi niliyoiandika mwenyewe. Inauliza: je, wlan0 ipo? Ipo. wlan1 ipo? Ipo. Ikipata zote mbili inaandika mstari wa kijani.

Mstari ulikuwa wa kijani.

Sikuuliza kitu kingine. Sikuuliza ni kadi gani iliyokuwa imevaa jina hilo. Sikuuliza kama ilikuwa inasikia mtu yeyote. Nilihesabu majina nikaridhika, kama mwalimu anayesoma daftari la mahudhurio bila kuinua macho.

Kambale aliingiza kichwa mlangoni. "Mudogo yangu, njia iko aje?"

Nikatazama ukurasa. Uliandika NJIA WAZI.

"Iko wazi, Ya Kambale," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Basi niende mbele ya viazi kuoza." Akaondoka. Saa kumi na mbili na nusu nilisikia lori likipanda kilima kwa gia ya chini, nami nikamimina chai yangu kikombeni.

Ndiyo. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Siwezi kusema aliusoma mwenyewe.

Malori mengine mawili yalikuwa yanangoja kupakiwa, na ndivyo yalivyosalimika. Saa mbili na dakika kama kumi Papa Issa alikuja na simu mkononi, anaisogeza mbali na macho kisha karibu.

"Mutoto yangu, kuya uone. Hii heure, njo ya leo?"

Chini ya NJIA WAZI, kwa maandishi madogo ya kijivu niliyoyachagua mimi ili yasichafue ukurasa, paliandikwa saa kumi na moja jioni. Ya jana.

Niliivuta simu yake karibu, nikaisoma tena ile saa. 

"Labda Zaina bado hajaandika," nikasema.

"Zaina? Zaina anaandikaka mbele ya swala ya asubuhi kuisha vizuri." Akanitazama. "Donc ni Beni njo imezima?"

Hapa kuna jambo ambalo nisingependa mtu alijue, na ndiyo sababu naliandika. Nilijibu: "Ndiyo, Papa. Ni Beni."

Sikuwa nimegusa hata kitufe kimoja. Sikujua. Nilichojua ni kwamba kaka yangu alikuwa barabarani karibu saa mbili nzima, na kwamba kama kosa lingekuwa langu nisingeweza kusimama. Kwa hiyo nikamtwika Zaina kosa hilo.

Papa Issa akaanza kufoka. Sauti yake inajaza parkingi yote. "Ile mutoto! Nilimupatia kazi moja tu! Moja! Anakaa wapi, anasuka kichwa?" Madereva wakakusanyika. Mmoja akamdhihaki Zaina: "Bibi arusi analala, papa." Wakacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kwa sababu wote walijua ni lori la nani lililokwisha kutoka.

Nilianza kuandika amri. 

Kwanza ip link. Kadi zote mbili zilikuwepo, zote zimewashwa. Kisha rfkill, kuona kama kuna kitu kimezuia redio. Hakuna. Kisha dmesg, nikapekua mistari ya kuwaka kwa mashine. Kadi zote mbili zilitambuliwa, hakuna firmware, programu ya ndani ya kadi, iliyokosekana, hakuna kosa lolote. Mashine ilikuwa inaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ni nzima.

Ningependa kueleza hofu ya kutafuta kosa katika mashine inayosema haina kosa. Unaanza kuyashuku macho yako.

Mwishowe nikaandika iw dev, amri inayoonyesha kila kadi inafanya nini hewani. wlan1 ilikuwa inagawa mtandao wa parkingi, sawa. wlan0 haikuwa imeungana na mtu. Ilikuwa inatafuta mlima, inatafuta, inatafuta. Na pembeni, chini ya kila jina, palikuwa na ile anwani ya kiwandani. Ile niliyoizima kwa sababu watu walicheka.

Anwani ya kadi ya sahani inaishia na 4f. Niliiandika kwenye jalada la daftari siku niliyoinunua. Sasa 4f ilikuwa chini ya wlan1.

Nilitazama mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Zilikuwa zimebadilishana majina. Sahani kubwa ya paani, iliyolipiwa kwa michango ya watu wote hawa ili isikie Beni, ilikuwa inawagawia madereva mtandao wa parkingi. Wao wapo chini yake tu, kwa hiyo simu zao ziliunasa bila shida. Na fimbo fupi ya dirishani ilikuwa imepewa kazi ya kusikiliza mlima. Haiwezi. Haina hata uwezo wa kuvuka mtaa. Ukurasa, kwa kukosa habari mpya, ulikuwa unarudia neno la mwisho ulilowahi kusikia.

Kila kitu kilipatikana, hakuna kilichosikia.

Niliigeuza. Ilichukua dakika chache: kuzima huduma, kubadilisha majina mawili katika faili mbili, kuwasha tena. Papa Issa alikuwa nyuma yangu kama siku ile. Nilisikia anavyopumua.

Sahani ikashika mlima. Halafu ujumbe wa Zaina ukaanza kuingia, mmoja mmoja, kwa mpangilio, kila mmoja na saa yake.

Kumi na moja na dakika hamsini: "Musitoke. Masasi ya bunduki inasikilika upande wa Kalunguta. Mungoje."

Kumi na mbili na robo: "Butembo, mumesoma? Musitoke."

Saa moja kasoro: "Njia ni ya kufungwa. Hakuna kamio inatoka huku. Mujibu."

Saa moja na nusu: "Papa, niko nangoja. Munalala?"

Saa mbili na dakika tano: "Mujibu tafazali. Mujibu hata neno moja."

Papa Issa alisoma wote. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, ingawa haikuwa na kitu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinitazama tu, nami nikajua kwamba amekumbuka nilichomjibu.

Niliandika: "Zaina, hapa Kahindo. Kamio ya Ya Kambale imetoka saa kumi na mbili na nusu. Muangalie kama imefika."

Jibu lilikuja haraka mno. "Haijafika. Hakuna kamio yoyote imefika."

Nilisimama. Nilisema nachukua moto, pikipiki ya kukodi, nakwenda kumfuata. Nilikuwa tayari nje, nimeshamwita motard, mwendesha pikipiki, aliyekuwa ameegemea ukuta, naye anatikisa kichwa: "Kule? Leo? Dada, mimi niko na batoto." Papa Issa akanishika mkono juu ya kiwiko. Hajawahi kunigusa kabla ya leo.

"Kaa."

"Papa, ni kaka yangu."

"Najua ni nani. Nilimufundisha kuendesha. Kutuma mutu wa pili nyuma ya wa kwanza, ile hapana kumusaidia." Akanivuta hadi kwenye ngazi. "Kaa hapa. Kazi yako iko ku mashine. Zaina akiandika kitu, nani atasoma?"

Nikarudi ndani. Lakini kabla ya kuketi nilisimama mlangoni, na nikasema kwa sauti ambayo nadhani wote waliisikia: "Zaina aliandika. Aliandika mara tano. Ni mashine yetu haikusikia, na mashine niliitengeneza mimi. Nilimuambia Papa ni Beni. Nilisema bongo, nilidanganya."

 Kisha dereva mmoja mzee, ambaye huniita Ingénieur kwa dhihaka na kwa mapenzi pia, akatema mate pembeni. "Ingénieur," akasema, "mais sisi tuko tunapanda juu ya ile neno yako. Na bibi zetu na batoto."

Niliketi mbele ya mashine.  

Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Kila robo saa niliandika: "Kuna habari?" Kila robo saa Zaina alijibu: "Bado." Safari moja aliongeza: "Dada, nimefunga miguu ya kukimbia-kimbia, nimekaa hapa nawe." Nililia hapo, mara moja, kidogo. Msichana niliyemsingizia kwa baba yake saa mbili asubuhi alikuwa amekaa nami.

Mama hakuwa anajua. Alikuwa sokoni anauza vitunguu, akiamini mwanawe yuko Beni anashusha viazi. Niliwaza namna ya kumwambia. Nilipanga sentensi, nikazifuta, nikazipanga tena. Hakuna hata moja iliyoanza vizuri.

Niliwaza pia kuhusu Kalunguta, njiani kwenda Beni, ambako tulikuwa tunashuka kwa shangazi wakati wa likizo, yale mashamba ya kahawa hadi ukingoni mwa barabara. Nilijilazimisha nisiendelee kuwaza. Nilifungua faili, nikaandika mistari inayoifunga kila kadi kwa anwani yake ya kiwandani: anwani hii, jina hili, daima. Nilichagua majina yanayotaja kazi, mlima0 na uwanja0, yasiyojali nani ametangulia. Nikazima mashine na kuiwasha mara sita mfululizo, huku nikimwarifu Zaina kabla ya kila mara ili asiogope. Mara mbili kati ya hizo sita, kadi ya dirishani ilitangulia. Mara mbili! Majina hayakuhama.

Ingechukua dakika ishirini, miezi minne iliyopita.

Saa saba na kitu nilisikia lori. Unalijua lori la ndugu yako kama unavyojua kikohozi chake. Lilikuwa linakuja kutoka upande wa Beni, limejaa vilevile, turubai limefungwa vilevile, matope hadi kwenye vioo.

Kambale alishuka polepole. Hakuwa na jeraha. Aliomba maji. Akanywa nusu jagi akiwa amesimama, watu wote wamemzunguka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Nilipita ile daraja ya mbao," akasema hatimaye. "Nikaona, kutoka hapa, sijakutana na kamio hata moja. Hata moto ya makaa. Hata mama na muzigo ya kuni. Ile saa, njia ya Beni ina batu kama misa ya Noeli. Nikajiambia: Kambale, kwa nini uko peke yako?"

Hivyo ndivyo wanavyoendesha wazee wa njia hii. Wanahesabu wanaotoka upande wa pili. Barabara isiyokuletea mtu inakuambia kitu. Aliegesha lori nyuma ya kanisa dogo la kijijini, akazima injini, akasikiliza. Baada ya muda alisikia masasi, mbali, kisha si mbali sana. Watu wa kijiji walikuwa wanaingia mashambani. Alibaki hapo kwa muda wa saa tatu hivi, amelala chini ya lori lake mwenyewe. Kulipotulia aligeuza.

Papa Issa alimkumbatia, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi, kisha akageuka, akaenda nyuma ya ghala, akakaa huko peke yake kwa muda.

Mimi nilikwenda kwenye mashine. Nikaandika: "Amerudi. Ni muzima. Zaina, wasingya, aksanti kabisa. Na unisamehe, nitakueleza kwa nini."

Akajibu: "Utanieleza siku utakuya Beni. Kwanza kula."

Ningependa kuishia hapo. Lakini kaka yangu hajaniacha niishie hapo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kama tulivyokuwa tunakwenda shule. Mama alikuwa amekwisha kusikia sokoni. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamwambia ananuka mafuta, akaenda kumpashia maji ya kuoga. Tangu wakati huo anamwita kila dakika tano kutoka jikoni, "Kambale!", bila kuwa na la kumwambia, na yeye anaitika, "Mama," kila mara, kwa subira ambayo sijawahi kumwona nayo.

Alipomaliza kuoga alikuja hapa chumbani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza yote, kadi, majina, sahani, fimbo, nani anatangulia kuwaka. Nilimweleza na uongo niliomwambia Papa Issa. Alisikiliza akikwaruza matope kwenye kucha.

"Donc," akasema, "asubuhi ile page ilikuwa inajua hapana kitu."

"Haikujua kitu."

"Na ilisema wazi."

"Ilisema wazi. Na mimi nikasema wazi."

Akafikiri. "Lakini kama ilijua hapana, kwa nini haikusema tu: nijuwe hapana?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaona sina cha kueleza. Ukurasa ule nilipoutengeneza niliupa maneno mawili tu: NJIA WAZI na NJIA IMEFUNGWA. La tatu sikuliandika. Halikunijia akilini hata mara moja. Mimi ni mtu aliyesoma, nalipwa kwa kujua, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningehitaji mahali pa kuandika kwamba sijui.

"Hata mimi leo," akasema Kambale, "njo ile iliniponesha. Nilijua hapana. Nikasimama." Akainuka, akanigonga kichwani kwa kidole, kama zamani. "Usilie, Ingénieur. Viazi biko bizima. Kesho nitajaribu tena, Zaina akisema."

Kesho. Anasema kesho kama mtu anayezungumzia kwenda kisimani.

Nimeketi na daftari tangu alipotoka. Nimebadilisha ukaguzi. Hauulizi tena kama kadi ipo. Unauliza: je, mlima0 imeungana? Beni ilisema lini mara ya mwisho? Neno likizidi saa moja, linafutwa lenyewe, na mahali pake panakuja neno jipya, kubwa, jekundu, lenye saa pembeni kwa maandishi makubwa vilevile: HATUJUI.

Kesho saa kumi na moja na nusu nitakuwa nimekaa pale. Neno hilo ndilo watakalolikuta madereva, na litabaki mpaka Zaina aandike. Najua itakavyokuwa. Injini zitakuwa zinanguruma, viazi vitakuwa na siku moja zaidi, Papa Issa atatazama saa yake, mtu ataniambia, "Ingénieur, sema tu kitu." Kambale atakuwa kwenye usukani, dirisha limefunguliwa, ananingoja.

Je, nitaweza kumtazama machoni na kumwambia sijui, halafu nikanyamaza?